Jinsi ya kuangalia muvi kwa jicho la ufeministi bila kumsahau stelingi

Wengi wakisikia ufeministi kwenye muvi wanadhani kazi ni kuhesabu wanawake tu. Kile kipimo cha kwenye katuni ya Alison Bechdel ya 1985 (wawepo wanawake wawili, waongee wao kwa wao, na mada isiwe mwanaume) ni kizuri kuanzia, ila hakikwambii kitu kuhusu mwanaume mwenyewe, na mimi naona hapo ndo penye kazi.

Mara ya kwanza we angalia tu ufurahi. Mara ya pili fuatilia swali moja: mwanamke kapoteza nini ili stelingi ajisikie mwanaume tena?

Chukua Die Hard ya 1988. Stelingi ni polisi anaitwa McClane, anafika ofisini kwa mkewe Holly, anatafuta jina kwenye kompyuta ya mapokezi, halipo, kumbe Holly anatumia la kwao, Gennaro, na roho inamuuma pale pale. Sasa ishike saa ya mkononi ya Holly, kazawadiwa kazini kwa kuchapa kazi vizuri. Mwishoni adui, yule mkuu wa majambazi walioteka jengo, ananing'inia dirishani kaing'ang'ania saa hiyo mkononi mwa Holly, McClane anaifungua, adui anaenda chini na saa inaenda nayo, halafu huko nje Holly anajitambulisha kwa jina la McClane. Yaani ndoa imepona, lakini angalia nani kalipa.

Ila usimwonee jamaa. Rudisha nyuma pale bafuni anapotoa vioo miguuni, damu kila mahali, ndo anataka kuomba msamaha, na anamwomba polisi mwenzake kwenye redio amfikishie mkewe. Mpaka adhani anakufa ndo neno limtoke! Mi hapo huwa naumia kweli, maana hayo ni malezi, na ufeministi unamhusu na yeye.

Kamera nayo ichunguze, mchambuzi wa filamu Laura Mulvey aliliandika hili 1975, kwamba mwanaume anapewa kutazama na mwanamke anapewa kutazamwa. Zima sauti dakika kumi utaona.

Ukimaliza weka Mad Max: Fury Road ya 2015 ulinganishe. Risasi zinakaribia kuisha, stelingi Max anakosa shabaha, anamwachia Furiosa, mwanamke aliye naye safarini, bunduki na kumpa bega aegemeze, anatulia kimya, Furiosa anapiga, inapata. Hakuna anayemcheka Max, na safari inaendelea.