Kunasa mabano yaliyo ndani ya mabano kwa rejeksi

Rejeksi (regex) ni ruwaza ya kutafutia maandishi. Chukua maandishi haya: `f(a, g(b)) + k(c)`. Ukitumia `\(.*\)` utanasa `(a, g(b)) + k(c)`, maana nyota (`*`) ni lafi, hufagia hadi bano la mwisho la mstari. Ukiipunguzia ulafi kwa `\(.*?\)` utapata `(a, g(b)`, kipande kilichokatika. Zote mbili hazihesabu mabano.

Dawa ni ruwaza inayojiita yenyewe. Perl (tangu toleo la 5.10) na PHP zinaikubali hii:

`\((?:[^()]++|(?R))*\)`

Yaani: fungua bano, kisha, mara zozote, kula herufi zisizo mabano au anza ruwaza nzima upya kwa `(?R)`, halafu funga.

Zile jumlisha mbili (`++`) si pambo. Ukiweka moja, kisha ukaipa `(aaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaaa(b)`, injini itajaribu kila namna ya kuzigawa hizo a, na kila a unayoongeza huzidisha kazi maradufu. `++` ikishika haiachii. Kwenye PHP, kikomo cha majaribio kikifikiwa, `preg_match` hurudisha `false`, si 0; tofautisha kwa `===`, la sivyo utadhani maandishi hayakulingana tu.

Ruwaza hiyo hutafuta, haikagui. Kwenye `((a)` itanasa `(a)` bila kulalamika. Kukagua maandishi yote, toka mwanzo (`\A`) hadi mwisho (`\z`):

`\A([^()]*+(?:\((?1)\)[^()]*+)*+)\z`

Hapa ni `(?1)`, inayoita upya kundi la kwanza tu, si `(?R)`: `(?R)` ingerudia na `\A`, ambayo katikati ya maandishi haiwezi kulingana kamwe.

Mabano yaliyo ndani ya alama za nukuu, kama `f(")")`, huvuruga hesabu. Zitoe nukuu kwenye tawi la kwanza (matawi hutenganishwa na `|`), uzipe tawi lao:

`\((?:[^()"]++|"(?:[^"\\]|\\.)*+"|(?R))*\)`

Ruby huandika `\g<0>` mahali pa `(?R)`. Moduli `re` ya Python, JavaScript na Java hazina kujiita. Kwa Python sakinisha moduli `regex`. Kwingineko, ikiwa kina hakizidi ngazi mbili, `\((?:[^()]|\([^()]*\))*\)` inatosha. Kikizidi, usirefushe ruwaza hiyo, haitasomeka. Pita herufi moja moja ukiwa na kihesabio: `(` ongeza 1, `)` punguza 1. Kikishuka chini ya 0, bano la kufunga limezidi papo hapo. Kikibaki juu ya 0 mwishoni, kuna lisilofungwa.