Aliyefua upanga huu ni nani? Kusoma msuka (chuma cha upanga kilichofichwa ndani ya mpini) wa upanga wa Kijapani wa Vita vya Pili

1. Tenga kwanza panga za masajenti. Mpini wa aluminiamu ulioyeyushwa na kumiminwa, ukapakwa rangi ufanane na uzi uliosokotwa, pamoja na namba iliyogongwa kwenye bapa karibu na mpini, ni dalili ya aina ya 95 (mwaka 1935). Huo ni wa kiwandani. Jina la mhunzi halimo. Linganisha tu namba hiyo na ile ya kwenye ala, kisha uishie hapo.

2. Upanga wa afisa una kigingi cha mianzi, mara nyingine viwili, kinachopita kwenye mpini. Ncha yake moja ni nyembamba. Gonga kutokea upande huo mwembamba kwa kijiti cha shaba na nyundo nyepesi. Ukianzia upande mnene unakikaza zaidi, na mpini hupasuka.

3. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama na kuegemea nyuma kidogo, makali yakiwa mbali nawe. Piga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia, polepole, hadi upanga ulegee. Piga picha ya pete na kikinga-mkono kwa mpangilio wake kabla ya kuvitoa.

4. Msuka usiusugue. Hata kidogo! Kutu yake ndiyo ushahidi wa umri, na mafuta ya kuondoa kutu huharibu thamani moja kwa moja. Pakaza unga wa chaki juu ya herufi, ufute kwa kitambaa kikavu, kisha mulika tochi kutoka ubavuni.

5. Elekeza ncha juu, usome kushuka. Upande mmoja hutaja mahali na jina: 濃州関住 ni «mkazi wa Seki, mkoa wa Mino», na jina linalofuata mara nyingi huanza na 兼 (Kane). 作 maana yake «ametengeneza». Upande wa pili ni tarehe: 昭和 (Shōwa, jina la enzi ya Mfalme Hirohito) na namba ya mwaka wa enzi hiyo. Ongeza 1925: 昭和十八年 (mwaka wa 18) ni 1943.

6. Hapa ndipo wengi hukosea: mhuri mdogo huchukuliwa kuwa jina la mhunzi. 関, au 昭 ndani ya ua la mcheri, ni alama ya ukaguzi tu, na kwa kawaida huashiria upanga usiofuliwa kwa njia ya jadi. Nyota ni habari nyingine: mhunzi aliyeidhinishwa na jeshi la nchi kavu, akitumia chuma cha jadi. Nanga ni ya jeshi la majini.

7. Jina kubwa la karne zilizopita juu ya msuka wenye kutu changa, rangi ya chungwa? Shuku saini bandia.