Kufuatilia uzao wa akina de Clare: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wanaoniletea kazi ya nasaba za Uingereza karibu wote huja na jina la ukoo mkononi. "Sisi ni akina Clare," huniambia, "basi lazima tumetokana na wale malodi." Nawaelewa. Sisi watu wa pwani tumelelewa kuhesabu fulani bin fulani bin fulani, baba juu ya baba, na nasaba za masharifu huandikwa vivyo hivyo. Ila ukishuka na ukoo wa kabaila wa Kiingereza kwa njia hiyo, hufiki mbali. Lodi ameuawa vitani, hana mtoto wa kiume, jina limeishia hapo. Uzao unaendelea kwa dada zake na kwa binti zake, chini ya majina mengine kabisa, na huko ndiko kazi ilipo.

Nitatumia ukoo wa de Clare, waliochukua jina lao kwenye mji mdogo wa Clare huko Suffolk. Hatua nitakazoonyesha zinafaa kwa Mortimer, Beauchamp, Bohun au ukoo wowote wa aina hiyo.

Hatua ya 1: Anza na mtu mmoja

Usianze na "ukoo". Chagua mtu ambaye kifo chake kina tarehe na hati, kisha shuka naye kizazi baada ya kizazi.

Wetu ni Gilbert de Clare, lodi wa Gloucester na Hertford, aliyeuawa kwenye vita vya Bannockburn, Scotland, tarehe 24 Juni 1314, akiwa na umri wa miaka 23. Wakati ule hapakuwa na daraja la ulodi Uingereza lililozidi lake. Mama yake, Joan, alikuwa binti wa Mfalme Edward wa Kwanza, aliyezaliwa Acre, Palestina, mwaka 1272 wazazi wake walipokuwa kwenye vita vya msalaba. Kwa hiyo ukithibitisha kwamba mtu ametokana na dada mmojawapo wa Gilbert wa tumbo moja, umethibitisha papo hapo kwamba ametokana na mfalme. Ndiyo maana napenda kuwafundishia wanaoanza kwa ukoo huu.

Gilbert hakuacha mtoto. Mjane wake, Matilda, alisema ana mimba, na akaendelea kusema hivyo muda mrefu kupita mimba yoyote. Ardhi haikugawanywa hadi Novemba 1317, ikaenda kwa dada watatu: Eleanor, Margaret na Elizabeth.

Hapa pana mtego. Gilbert alikuwa na dada wengine wawili kwa baba, Isabella na Joan, wa mke wa kwanza. Hawakupata kitu. Baba yao alipomwoa binti wa mfalme mwaka 1290, ardhi zote ziliwekewa sharti kwamba zirithiwe na watoto wa ndoa hiyo. Ukisoma orodha ya warithi peke yake utadhani hao wawili hawakuwahi kuzaliwa. Andika mrithi kwenye safu moja na mzaliwa kwenye safu nyingine, tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Soma uchunguzi wa mirathi

Hii ndiyo hati ninayoitegemea kuliko zote. Tangu karne ya 13 hadi katikati ya karne ya 17, kila alipofariki mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, ofisa wa mfalme alikwenda katika kila wilaya aliyokuwa na ardhi, akawaapisha watu wa pale, kwa kawaida 12 au zaidi, akawauliza: marehemu alikuwa na ardhi gani? Alifariki siku gani? Mrithi wake wa karibu ni nani, na ana umri gani?

Hati zenyewe, za Kilatini, zimo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyopo Kew, London, katika mafungu C 132 hadi C 142. Za enzi ya Edward wa Pili, zikiwemo za Gilbert, ziko C 134. Mihtasari ya Kiingereza imechapishwa kwa mabuku, na mengi yanasomeka bure mtandaoni. Anza na muhtasari, halafu agiza picha ya hati yenyewe pale kiungo chako kinapoitegemea.

Usisome wilaya moja ukatosheka. Lodi mkubwa alichunguzwa mahali pengi, na kila baraza lilijibu kwa lilivyojua. Waliokaa karibu na ngome yake walijua majina ya watoto na umri wao. Waliokaa mbali walikisia. Ukiona "miaka 20 na zaidi", "miaka 30 na zaidi", jua mzani wenyewe ni wa kukadiria. Mimi humwamini zaidi shahidi wa karibu. Pale mabaraza matano yanaposema 18 na moja linasema 24, naandika yote sita.

Kuna hati nyingine, pacha yake: ushahidi wa umri. Mrithi mdogo alipokua, mvulana miaka 21, msichana miaka 14 kama ameolewa au 16 kama hajaolewa, ilibidi athibitishe ndipo apewe ardhi. Waliletwa wazee waeleze walikumbukaje siku aliyozaliwa. Mmoja husema alivunjika mguu wiki ile, mwingine kwamba alimzika baba yake, mwingine kwamba mwanawe alibatizwa kanisa hilohilo. Niliposoma hati hizi mara ya kwanza nilisikia sauti za bibi zetu: "Wewe ulizaliwa mwaka wa mafuriko." Lakini baadaye utagundua kuwa kumbukumbu zilezile zinajirudia katika hati za watu tofauti, karibu neno kwa neno. Makarani walikuwa na mtindo wao. Chukua siku na mahali pa kuzaliwa. Visa vya miguu iliyovunjika usivijengee hoja.

Hatua ya 3: Geuza tarehe na majina kabla ya kuviamini

Hati hazisemi "24 Juni 1314". Husema siku ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, mwaka wa 7 wa Mfalme Edward mwana wa Mfalme Edward. Mwaka wa 7 wa Edward wa Pili ulianza 8 Julai 1313 ukaisha 7 Julai 1314. Weka jedwali la miaka ya wafalme pembeni. Kumbuka pia kwamba mwaka wa kawaida Uingereza ulibadilika tarehe 25 Machi, na ulibaki hivyo hadi 1752. Mtoto aliyezaliwa Februari 1371 kwa hesabu yetu, kwa hesabu yao alizaliwa 1370. Hapo ndipo watu wengi humpata mama aliyejifungua kabla ya ndoa na kuanza kumsingizia.

Kuhusu majina, Isabella na Elizabeth yalichukuliwa mara nyingi kuwa jina moja. Na kwa Kilatini neno *nepos* ni mjukuu, na ni mpwa pia. Kiswahili kingekuokoa, kwa kuwa mpwa na mjukuu hatuwachanganyi. Karani wa Kilatini hakukuachia msaada huo. Usilitafsiri neno hilo mpaka hati nyingine ikuambie ni yupi.

Hatua ya 4: Fuata mabinti, ndoa kwa ndoa

Tumchukue Elizabeth, mdogo wa wale dada watatu. Aliolewa mara tatu, na kila mume alimpa mtoto: John de Burgh, kisha Theobald de Verdun, kisha Roger Damory. Mara tatu mjane kabla ya kutimiza miaka 30, hakuolewa tena. Aliishi hadi 1360 akiziongoza ardhi zake mwenyewe, na chuo alichokifadhili Cambridge kinaitwa Clare hadi leo. Kila ndoa ichorewe tawi lake. Watu humsahau binti wa mume wa pili na wa mume wa tatu kwa sababu hawakuwa wakubwa, wakati wote wawili ni uzao halali wa de Clare.

Sasa shuka na tawi la kwanza. Mwanawe, William de Burgh, aliuawa Ireland mwaka 1333, akaacha binti mchanga, Elizabeth. Huyu aliozwa mwaka 1342 kwa Lionel, mwana wa Edward wa Tatu. Bibi harusi ana miaka kumi, bwana harusi hajafika minne. Usiitumie tarehe ya ndoa ya wakubwa kukisia mwaka wa mtoto wa kwanza: binti yao, Philippa, alizaliwa 1355.

Philippa aliolewa na Edmund Mortimer, na hapa njia zinagawanyika. Ukimfuata mwanawe Roger, utapita kwa Anne Mortimer, kisha Richard wa York aliyeuawa Wakefield mwaka 1460, kisha Edward wa Nne, Elizabeth wa York, Margaret Tudor, wafalme wa Scotland, hadi Mfalme Charles wa Tatu wa leo. Njia hiyo imekwisha kufanyiwa kazi na wengi.

Ukimfuata binti wa Philippa, Elizabeth Mortimer, utaona ninachokusudia. Aliolewa na Henry Percy, yule aliyeuawa Shrewsbury mwaka 1403. Binti yao Elizabeth Percy aliolewa na John Clifford. Binti wa hao, Mary Clifford, akaolewa na Philip Wentworth. Mwana wao Henry Wentworth alimzaa Margery, aliyeolewa na John Seymour. Margery ndiye mama wa Jane Seymour, malkia wa tatu wa Henry wa Nane, na wa Elizabeth Seymour, aliyeolewa na Gregory, mwana wa Thomas Cromwell, waziri wa Henry wa Nane. Hesabu majina ya ukoo: Clare, de Burgh, Mortimer, Percy, Clifford, Wentworth, Seymour, Cromwell. Mwaka 2016 mwigizaji Danny Dyer, mzaliwa wa mashariki mwa London, alionyeshwa kwenye televisheni kwamba ametokana na Edward wa Tatu kupitia kwa Gregory Cromwell huyuhuyu na mkewe. Bibi yake wa kale ni Elizabeth de Clare, yule mjane wa mara tatu, sawasawa na Mfalme Charles.

Hatua ya 5: Vuka daraja kutoka kwa malodi hadi kwa watu wasio na vyeo

Vitabu vya nasaba za malodi hukifuata cheo. Binti wa tatu hupewa mstari mmoja, pengine hata huo asipewe. Yeye ndiye huolewa na mtu wa cheo kidogo, binti yake na mwenye shamba la kadiri, mjukuu na padri wa kijiji au mfanyabiashara wa nguo. Karne ya 17 mmoja anapanda jahazi kwenda Massachusetts au Virginia. Hivyo Wamarekani wengi huingia kwenye nasaba hizi.

Kwenye daraja hili shika wasia kwanza. Wasia zilizothibitishwa kwenye mahakama kuu ya kanisa, ile ya Canterbury, kuanzia 1384 hadi 1858, ziko Kew katika fungu PROB 11, na picha zake zipo mtandaoni. Bibi kizee anayegawa vijiko vya fedha kwa wajukuu mmoja mmoja kwa majina anakufaa kuliko kitabu kizima cha nasaba. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya makanisa vilianza kwa amri ya mwaka 1538, aliyoitoa Thomas Cromwell huyohuyo. Utakuta mapengo makubwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1642 na kuendelea.

Kati ya 1530 na 1688 maofisa wa nembo za koo walizunguka wilaya wakiandika nasaba za waungwana. Waamini kwa vizazi ambavyo msimulizi aliweza kuviona: yeye, baba, babu. Juu ya hapo, hasa ukoo unapodai kuja na William Mshindi, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, dai hati.

Niliwahi kupoteza wiki tatu kwa sababu ya mti wa nasaba niliouchukua mtandaoni, umechorwa vizuri, una picha za nembo. Mke mmoja alikuwa ameunganishwa na baba asiye wake kwa sababu majina yalifanana. Nililigundua nilipojumlisha miaka: angekuwa amejifungua akiwa na miaka minane. Tangu hapo, kabla ya kusoma jambo lingine, napiga hesabu ya umri wa kila mama.

Kila kiungo kati ya mzazi na mtoto kipewe alama yake. Mimi natumia tatu: kimeandikwa kwenye hati ya wakati wao, kimeandikwa baadaye, kinakisiwa. Mnyororo wa viungo ishirini wenye kiungo kimoja cha kukisia ni wa kukisia wote, na mteja aambiwe hivyo.

Hatua ya 6: Vipimo vya DNA, kwa kiasi chake

Kipimo cha kawaida cha mate hakitakupeleka kwa Gilbert. Kila kizazi sehemu ya urithi hupotea, na baada ya vizazi zaidi ya ishirini huenda usibaki na chembe yoyote ya babu huyo ingawa ni babu yako kweli. Zinazodumu ni njia mbili: ya baba kwa mwana tupu, na ya mama kwa binti tupu.

Mwaka 2012 mifupa ya Richard wa Tatu ilichimbuliwa chini ya maegesho ya magari Leicester. Yeye pia ni uzao wa Elizabeth de Clare, kupitia kwa Anne Mortimer. Watafiti walishuka na nasaba ya dada yake, Anne wa York, mama kwa binti, mpaka kwa watu wawili walio hai. Matokeo yaliyotangazwa 2014: mmoja alilingana na mifupa kabisa, mwingine alitofautiana kwa herufi moja ya DNA. Kisha wakapima wanaume watano ambao kwa karatasi ni wa njia ya kiume ya Edward wa Tatu, kama Richard mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyelingana na Richard. Mahali fulani kati yao baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa, na mpaka leo haijulikani ni kizazi kipi.