Kabla hujakusanya sampuli za kuganda kwa damu Mtwara na Lindi, zingatia haya

Vibali kwanza. Kama ni utafiti, cheti cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kiwe mkononi, uongozi wa mkoa na hospitali uwe na taarifa, na fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili anachokielewa mama wa Newala. Ya mtoto inasainiwa na mzazi au mlezi. Hilo halina mjadala.

Angalia kalenda. Huku kusini mvulana mwenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi ipasavyo, anaweza kugundulika jandoni, kidonda kinapokataa kuacha kutoka damu. Vifaa viwe tayari kabla ya msimu wa jando, si wakati mtoto ameshalowanisha kitambaa cha tatu. Kwenye dodoso uliza upande wa mama: wajomba, watoto wa mama wadogo. Jeni ya hemofilia hupitia kromosomu X, kwa hiyo historia ya baba peke yake haikusaidii. Uliza aspirini, diklofenaki, dawa za kuzuia damu kuganda, na kama ameongezewa damu au plazma (maji ya damu bila seli) karibuni. Ujauzito na homa kali hupandisha fakta VIII na VWF (protini zinazosaidia damu kuganda), na hata kulia sana kwa mtoto wakati wa kutolewa damu hufanya hivyo. Majibu yakitoka mazuri katika hali hiyo, rudia baadaye.

Tyubu ni ya kifuniko cha bluu, yenye sitreti ya sodiamu 3.2% inayozuia damu kuganda, ambayo haijapitwa na tarehe. Uwiano ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti, yaani 2.7 ml kwa 0.3 ml. Usijaze nusu ukaona inatosha. Ikipungua chini ya asilimia 90 ya alama, sitreti iliyozidi hukamata kalsiamu ambayo kipimo kinaitegemea, na APTT, yaani kipimo cha muda wa plazma kuganda, inarefuka bila ugonjwa wowote. Ukitumia sindano ya kipepeo, jaza kwanza tyubu ya kutupa, kwa sababu hewa ya kwenye mrija wake ndiyo inayokula nafasi ya damu. Tyubu ya bluu itangulie ya kifuniko cha zambarau siku zote. Kamba ya mkono isizidi dakika moja. Geuza tyubu taratibu mara 3 hadi 6, usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Mgonjwa mwenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ya zaidi ya 55%, kama baadhi ya watoto waliozaliwa na matatizo ya moyo, punguza sitreti: akiwa na 60%, weka 0.2 ml badala ya 0.3.

Damu nzima isiwekwe friji, na isiachwe kwenye dashibodi ya gari. Baridi hushusha VWF na fakta VIII, joto huharibu fakta V na VIII. Iache kwenye nyuzijoto 18 hadi 25, na kwa APTT una saa 4 tu. Kwa hiyo kama unachukua damu Nachingwea, zungusha hukohuko kwenye sentrifuji. Nguvu ya mzunguko ni 1500 g (mara 1500 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 15, na g si sawa na mizunguko kwa dakika: rota yenye nusu kipenyo cha sm 15 inahitaji mizunguko kama 3,000, ya sm 10 inahitaji karibu 3,700. Pima kwa rula. Nyonya plazma kwa pipeti ya plastiki, bakiza kama robo mililita juu ya seli, kisha izungushe mara ya pili kabla ya kugandisha. Chembe sahani (seli ndogo zinazosaidia kuganda) zikibaki humo hupasuka kwenye baridi na kuvuruga majibu.

Friza ndiyo inayoliza watu. Vichupa vya nusu mililita vimepangwa Ijumaa kwenye friza ya nyuzijoto −20. Jumamosi usiku umeme unakatika, jenereta inawashwa kwa chumba cha upasuaji tu, maabara inalala giza. Plazma inalainika polepole. Ikiwa bado baridi, utando mweupe kama wa buibui unajitenga na kuzama chini ya kichupa, umebeba fakta VIII, VWF na faibrinojeni. Si ajabu, benki ya damu hutengeneza krayo (sehemu ya plazma yenye protini hizo) hivyohivyo kwa makusudi. Umeme unarudi, vinaganda upya, na Jumatatu vyote ni vigumu kama jiwe. Nani atajua? Huko Muhimbili mtaalamu anachota plazma ya juu, mashine inasoma fakta VIII asilimia 20, na mvulana wa Tandahimba anaandikwa ana hemofilia. Jando linaahirishwa, dada zake wanaanza kuulizwa habari za uzazi, na data yako imepata mgonjwa ambaye hayupo.

Ili ujue kama friza iliyeyuka, gandisha maji kwenye kikombe kidogo. Barafu ikikomaa, laza sarafu ya shilingi 100 juu yake, kisha kiweke katikati ya vichupa. Ukikuta imezama, barafu iliyeyuka. Usitume, mwite mgonjwa upya. Usitumie friza inayojiyeyusha barafu yenyewe, na kwenye −20 usivuke wiki 2. Anayepima ayeyushe kwa haraka kwenye maji ya nyuzijoto 37 kwa dakika 5, achanganye taratibu, apime hapohapo.

Safarini, barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa) hupungua kilo 2 hadi 5 kwa siku, basi weka ya siku ya ziada. Kaza vifuniko vya vichupa, maana gesi yake ikipenya huongeza tindikali na kurefusha PT (kipimo kingine cha muda wa kuganda) na APTT. Boksi lenyewe usilizibe kabisa, litapasuka. Lebo ziandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa unyevu. Usitume Ijumaa. Miezi ya mvua ulizia barabara kwanza. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika Somanga. Na boksi likae kwenye buti, si miguuni pa abiria.