Jinsi ya kupata vibarua wa kupandikiza mpunga bila kulia

Kama unalima mpunga huku Mbarali, mkoani Mbeya, iwe Igurusi au Ubaruku, unajua kuvuna siku hizi sio ishu, kombaini inaingia asubuhi mchana gunia ziko kwenye tela. Kasheshe iko kwenye kupandikiza, kuanzia Desemba mpaka Februari, vijana wengi wako kwenye bodaboda au wamepanda Chunya kwenye dhahabu, na waliobaki wanagombewa na kila mwenye jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga chenye kingo za kushika maji.

Kwa hiyo anza na kitalu. Usimwage mbegu yote siku moja, maana miche ya SARO 5, hii mbegu ya mpunga wengi tunayolima, ikifika wiki tatu inataka kutoka, sasa ukiwa na heka tano za miche inayodai kwa pamoja na vibarua wako kwa mwenzako utabaki kuangalia inazeeka. Mimi namwaga kwa mafungu, napishanisha siku tano tano, hata watu wakichelewa nachelewa na fungu moja tu.

Pili, tafuta kikundi mapema, sio mtu mmoja mmoja. Akina mama ndio wanajua hii kazi na huwa wana kiongozi wao, ongea naye ukiwa bado unavuruga shamba, yaani unakoroga tope kabla ya kupanda, muachie advansi kidogo. Kidogo nimesema, mwaka juzi nilitoa nusu na watu nikawaona shamba la jirani, wananipungia mkono kabisa.

Hapa sasa wengi ndio wanapogombana, kipimo. Huku heka ni hatua 70 kwa 70, sawa, ila hatua za nani? Ukipima wewe mrefu wao wanaona umewaibia, wakipima wao unahisi heka imesinyaa. Pimeni pamoja, mchomeke vijiti kwenye kona, halafu ndio muongee bei. Na kwenye bei msemezane nani anang'oa miche, nani anaibeba mpaka jarubani, na chakula ni cha nani, hivyo vitu vikiachwa juu juu jioni lazima ugomvi.

Kabla hujapatana chini sana piga hesabu kidogo. Nafasi ya sentimita 20 kwa 20 ni mashimo kama laki moja kwa heka. Watu kumi, kila mmoja anainama mara elfu kumi, miguu kwenye maji yenye kichocho. Ukimpunja anakupunja na yeye, anarusha miche saba shimo moja na nafasi anaipanua ili amalize haraka, wewe utakuja kushtuka mpunga umeshasimama. Toa kamba zenye alama, pita asubuhi wakiwa kwenye jaruba la kwanza sio jioni, ng'oa shimo mbili tatu uhesabu, ikizidi miche mitatu sema hapo hapo kwa upole.

Watoto waliotoroka shule usiwapokee hata wakija na mama zao, sheria hairuhusu kuajiri wa chini ya miaka 14, na kazi yao yenyewe utairudia.

Malipo ni jioni ile ile. Ukisema njoo kesho, kesho kikundi chote hakiji na habari imeshafika kijiji cha pili. Kama unalipa kwa simu mtumie kila mtu kwa namba yake, usimrundikie kiongozi, na weka na ya kutolea.