Kuchagua gari la kwanza, la zamani na la bei nafuu: hatua ninazofuata ninapokagua

Mimi ni fundi magari Dar es Salaam. Haupiti mwezi bila mtu kuniletea gari alilonunua juzi na kuniambia, "Fundi, hebu sikiliza huu mlio." Mara nyingi ni mlio ambao ungesikika ndani ya dakika tano kabla hajatoa hela. Inaniuma, kwa sababu wengi wao wamejinyima miaka kadhaa kufikia hapo. Naandika hatua hizi kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mteja anaponiita nikamkagulie gari.

Hatua ya 1: Gawa hela kabla hujaanza kutafuta

Ukiwa na milioni 10, tafuta gari la milioni 8. Zile 2 ni za kuhamisha umiliki, bima, oili, pengine matairi, na ubovu utakaojitokeza mwezi wa kwanza. Gari lenye miaka 20 halikosi kidonda. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alimaliza akiba yote kwenye ununuzi, giaboksi ikafa wiki ya tatu. Gari likakaa gereji miezi minne huku yeye akipanda daladala. Dalali akikwambia uongeze kidogo tu upate lenye rimu nzuri, mkatalie. Rimu haikufikishi kazini.

Hatua ya 2: Chagua injini kabla ya umbo

Kwa anayeanza nashauri injini ambayo kila fundi anaijua na spea zake zimejaa Kariakoo. Toyota IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, inakuja na injini ya 2NZ ya cc 1,300 au 1NZ ya cc 1,500. Zote zinatumia taiming cheni, yaani mnyororo wa chuma unaozungusha vali za injini, na oili ikibadilishwa kwa wakati zinadumu sana. Passo ya cc 1,000 ina silinda tatu. Inakula mafuta kidogo, ila ikiwa bado haijashika mwendo inatikisika kidogo, na hilo si ugonjwa. Starlet na Corolla za miaka ya 1990 ni ngumu na rahisi kutengeneza, lakini zinatumia taiming beliti, mkanda wa raba unaofanya kazi ya cheni hiyo. Muulize mwenye gari ilibadilishwa lini. Asipojua, ihesabu kwenye bei, maana ikikatika gari linazima hapo hapo barabarani.

Yapo mawili ya kuangalia kwa makini. Injini ya 1ZZ ya cc 1,800, iliyofungwa kwenye Spacio, Allion na Premio nyingi, ina tabia ya kula oili, hasa zile za kabla ya 2005. Si lazima uikimbie, ila chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na uangalie kiwango. Jingine ni maandishi ya D-4 juu ya injini. Hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Inataka mafuta safi, na ikigoma matengenezo yake ni ghali. Mnunuzi wa kwanza mwenye bajeti ndogo simshauri aichukue, hata kama bei inavutia. Mara nyingi bei inavutia kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Usisome umri wa gari kwenye pleti namba

Watu wanasema "hili ni namba D" au "hili ni namba E" kana kwamba wamesema umri. Herufi hizo zinaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Gari la 2003 linaweza kuwa na namba ya juu kuliko la 2007, kwa sababu lilifika nchini baadaye. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha tazama lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti. Mara nyingi ina mwaka, nao haupaswi kupishana sana na wa kwenye kadi.

Kilomita za kwenye dashibodi nazo zinarudishwa nyuma. Dashibodi ikisema 68,000 huku raba ya pedali ya breki imeliwa, usukani umelainika hadi unang'aa na kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango, amini pedali.

Hatua ya 4: Fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Kama utafuata hatua moja tu, fuata hii. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini, na ikibidi panga siku nyingine.

Nilienda Tabata na kijana mmoja kukagua gari saa nne asubuhi. Tulilikuta linaunguruma, limeshapata moto, sauti imetulia. Kijana akataka kulipa kishika uchumba, yaani malipo ya awali, palepale. Nikamwomba tusubiri hadi kesho. Kesho yake tulifika saa kumi na mbili na nusu bila kupiga simu. Lilipowashwa likagonga kama mtu anayetwanga kisamvu, na nyuma likatoa moshi wa buluu. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe na rangi ya kulenti (maji ya dawa ya kupoza injini), yasiwe ya kutu wala yasielee mafuta. Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta ute mzito wa rangi ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili, na hapo aga uondoke. Sasa mwambie mtu awashe wewe ukiwa nyuma, kwenye ekzosi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni wa kawaida. Mweupe usiokatika ni maji kuungua, kwa kawaida gasketi ya silinda hedi. Wa buluu ni oili. Mweusi ni petroli iliyozidi, na huo mara nyingi unatibika kwa gharama ndogo.

Kisha liache liungurume dakika 20, AC ikiwa imewashwa. Gari linalochemka hujificha kwenye safari fupi za asubuhi, lakini likisimama na AC kwenye joto la Dar linajisema. Feni ya rejeta lazima uisikie ikifanya kazi.

Hatua ya 5: Bodi na sakafu

Angalia mianya kati ya boneti na mabawa, pande zote mbili. Ikipishana, huenda gari limegongwa. Rangi iliyorukia kwenye raba za milango inasema hivyo hivyo. Kisha nyanyua kapeti chini ya miguu na ndani ya buti. Masika yakipiga Dar kuna magari yanazama Jangwani na kwingineko, yanakaushwa, yanapuliziwa manukato na kuuzwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: ukikuta mstari wa tope kavu, gari limelala majini, na waya zake zitakusumbua kila mvua. Magari ya Tanga, Zanzibar na pwani yote yakague kutu chini, hasa kwenye vizingiti vya milango.

Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno ya tairi yanaweza kuwa mazuri huku raba imeshazeeka.

Hatua ya 6: Liendeshe mwenyewe

Kama ni gari la otomatiki, ukiwa umekanyaga breki, ingiza R (ya kurudi nyuma), kisha D (ya kwenda mbele). Giaboksi nzima inashika ndani ya sekunde moja hivi bila kukurusha. Pandisha mlima. Zunguka taratibu usukani ukiwa umekatwa mwisho: mlio wa ka-ka-ka ni jointi za ekseli. Pita kwenye matuta redio ikiwa imezimwa. Shokapu na bushi hazinitishi, spea zake zipo na kazi ni ya siku moja, ila zikatwe kwenye bei.

Taa ya injini kwenye dashibodi iwake ukifungua swichi, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna aliyeichomoa. Peleka gari lipimwe kwa kompyuta.

Hatua ya 7: Karatasi

Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi, kwa macho yako. Taka kadi halisi. Picha ya simu haitoshi, maana gari linaweza kuwa rehani na kadi iko kwa mkopeshaji. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho kwa kutumia namba ya gari. Andikishianeni kwa wakili, lipa kupitia benki, kisha fuatilieni uhamisho wa umiliki TRA mara moja mkiwa wote na TIN (namba ya mlipakodi). Muuzaji akishapokea hela, simu huanza kuwa ngumu kupokelewa.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Badilisha oili na filta yake, filta ya hewa, kulenti na mafuta ya breki, hata muuzaji akiapa kwamba yote ni mapya. Andika kilomita za siku hiyo kwenye kikaratasi, kibandike ndani ya mlango wa dereva. Oili inayofuata ni baada ya kilomita 5,000 kuanzia hapo.