Nukta inayong'aa si lazima iwe jibu

Ukipima kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini) kwenye slaidi ya peptaidi (kioo chenye nukta za vipande vifupi vya protini), usishangilie kila nukta inayong'aa. Mimi hapa Moshi niliwahi kufurahia nukta moja siku nzima, kumbe ni kingamwili tu, kile cha kuonyesha fosfati ilipo, kimenata pale. Tangu hapo kila jaribio naliendesha kwa slaidi mbili: moja ina kila kitu, nyingine ina kila kitu isipokuwa kimeng'enya. Kinachong'aa kote kuwili nakifuta bila huruma.

Kisha kila peptaidi unayoitilia maanani iwe na mwenzake ambamo serini inayolengwa (asidi amino inayopokea fosfati) imebadilishwa kuwa alanini, asidi amino nyingine. Alanini haina pa kushikia fosfati. Ishara ikibaki vilevile, basi kinasi imegusa serini au threonini (nayo hupokea fosfati) ya jirani, au hukuosha vizuri (mara nyingi ni hili la pili).

Halafu pembe za slaidi hukauka, hasa Januari na Februari joto likipamba moto. Iweke ndani ya kisanduku chenye karatasi iliyoloana, ufunike. Nukta zitakazosalia zirudie kwenye mrija, peptaidi ikiwa huru. Ikishafungwa kwenye kioo, kimeng'enya kinaweza kuifikia kwa shida.